Gitaa Zito Kama Mlango

Shangazi yangu ni seremala wa milango. Akikutengenezea mlango, hata wewe mwenye ufunguo unausukuma kwa bega, na yeye anapenda hivyo hivyo. Kwa hiyo alipoamua kujitengenezea gitaa la umeme, alichukua kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa ghala, akakikata umbo la gitaa, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, na unene hakupunguza hata kidogo. Mwizi angelibeba hatua kumi halafu angelirudisha.

Tatizo lilikuwa bega lake la kushoto, lililochoshwa na miaka ishirini ya kubeba milango. Bendi yake hupiga kwenye harusi, na mstari wa mbele wote husimama na kucheza kwa hatua moja. Siku ya kwanza ya mazoezi na gitaa jipya alivumilia nyimbo tatu. Wimbo wa nne akavuta kiti. Kiongozi wa bendi, ambaye tunamwita Bosi Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, akamwambia kwa upole mbaya kuliko matusi:

"Dada, Jumamosi tuna harusi. Alhamisi njoo upige nyimbo zote kumi na mbili umesimama. Ukikaa tu, nafasi yako nampa mwingine."

Shangazi yumo kwenye bendi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Alirudi nyumbani, akaizima redio ya bibi katikati ya wimbo, akaenda moja kwa moja karakana.

Jumanne nilipotoka shule nikamkuta amelilaza gitaa kifudifudi juu ya meza ya kazi. Ameshalifungua shingo na nyuzi, na mgongoni amelichorea kwa penseli kitu kama ramani ya visiwa viwili.

"Unalifanya nini, shangazi?"

"Nalitoa utumbo."

"Si litakufa?"

"Litapumua. Sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea sentimita mbili. Kwenye ncha ya drili alikuwa amezungushia utepe mwekundu. Utepe ukigusa mbao unaacha kutoboa, maana ukipitiliza unatokea upande wa mbele, pale pale watu wanapoangalia. Alitoboa mashimo yaliyobanana mpaka mgongo ukawa kama mkate uliotembelewa na panya, kisha akabomoa kuta zilizobaki kwa patasi na nyundo ya mbao. Katikati hakugusa. Pale panabaki mbao nzima kutoka shingoni hadi chini, kwa sababu nyuzi zinavuta kwa nguvu na lazima zishikwe na kitu chenye msimamo. Nikauliza kwa nini asichimbe zaidi pembeni. Nikauliza mbao ikiwa nyembamba sauti inakuwaje. Nikauliza zile nyuzi zinavuta kilo ngapi.

"Nitakuchimba wewe," akasema.

Mizani hatukuwa nayo, tukaenda kwa muuza nyama wa kona ya pili. Akalifunga kamba lile tumbo la gitaa, akalitundika kwenye ndoano kati ya mbavu na paja. Asubuhi shangazi alikuwa ameshalipima hapo hapo, bila shingo, likawa kilo tano na nusu. Sasa nne na robo.

"Hiyo ni sehemu gani?" akauliza mama mmoja kwenye foleni.

"Mgongo," muuza nyama akamjibu bila kucheka. "Hauna mafuta."

Shangazi alitaka tatu. Tukarudi, akachimba, tukaenda tena. Safari ya tatu foleni nzima ilikuwa inabahatisha uzito, na muuza nyama akasema kama bado ni zito, kisu anacho. Mshale ukasimama kwenye tatu na kidogo. Watu wakapiga makofi.

Lakini kile kidogo kilimkera. Akarudi kuchimba, na kila akitoa kipande analigonga kwa kidole upande wa mbele, sikio ameliinamisha. Mahali pamoja mbao ikajibu kwa sauti tofauti, nyepesi, karibu ya ngoma. Akaiweka patasi chini taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.

Jumatano akafunika mgongo kwa ubao mwembamba, akarudisha shingo na nyuzi, akalivaa. Lilikuwa jepesi mno, akazunguka nalo karakana nzima, mpaka bibi akaja kuona mwanawe kapatwa na nini. Shangazi akaachia mikono amwonyeshe. Shingo ya gitaa ikashuka polepole, ikashuka, ikaelekeza sakafuni.

"Limesinzia," akasema bibi.

Tumbo lilikuwa limepungua sana, shingo imelishinda. Shangazi alicheka mpaka akakaa kwenye maranda, nami nikacheka kwa sababu nilitaka kulia. Kesho yake ndiyo Alhamisi. Kisha akafungua droo ya vifaa vya milango, akatoa bawaba za shaba, zile kubwa. Akafungua kifuniko na kukaza moja ndani, upande wa chini kabisa. Shingo ikashuka, ila kwa uvivu. Akaongeza ya pili. Ya tatu, shingo ikatulia.

"Unachimba halafu unajaza?" bibi akauliza.

"Mama, nachagua uzito ukae wapi."

Kwa muuza nyama hatukurudi. Tuliogopa jibu.

Alhamisi, kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya duka la vipuri, Bosi Kofia alimwekea kiti pembeni, makusudi. Wakaanza. Sauti ya gitaa ilikuwa ya duara zaidi, sijui niielezeje. Wimbo wa saba sikuangalia vidole, niliangalia bega. Wa tisa likapanda kidogo, likashuka. Wa kumi na mbili ukaisha, na shangazi bado kasimama, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Bega?" akauliza Bosi Kofia.

"Lipo."

Bosi Kofia akakitazama kile kiti, akakikalia mwenyewe.

"Jumamosi saa nane mchana. Usichelewe."

"Kwani tumemaliza?" akasema shangazi, akaanza wimbo ambao haukuwa kwenye orodha. Mpiga besi alikuwa ameshakunja waya wake. Ilibidi auchomeke tena.