Gitaa la Daraja la Pili

Kwetu kanisani mtu asiyesema sana huhesabiwa kuwa mwaminifu. Sijui mawazo hayo yalianzia wapi, lakini ndiyo yaliyonifikisha dukani peke yangu, pesa za kina mama zikiwa zimefungwa kwenye leso na kusukumwa ndani ya soksi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku za kazi nilifagia na kukata ua kwenye nyumba za ghorofa kule Kileleshwa, na Jumapili nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu ya Kangemi. Mpiga gitaa asiye na gitaa, kwa sababu lile nililojifunzia lilikuwa la mwalimu wa kwaya, naye alihamishwa kikazi akaondoka nalo.

Kina mama waliuza maandazi na chai nje ya kanisa kwa miezi mingi ili tupate jingine. Siku mchungaji alipotangaza mchango huo, alituhubiria juu ya watu waliomtolea Mungu mnyama kipofu na kilema, akasema chombo kitakachoingia madhabahuni lazima kiwe kizima. "Bwana hapewi makombo," alisema, na kina mama wakaitikia amina kwa nguvu, kwa kuwa waliojua ladha ya makombo ni wao. Mwenyekiti wao, ambaye sisi vijana wote tulimwita Mama, alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Spring Valley. Ndiye aliyesema nitumwe mimi.

"Tumtume huyu," aliiambia kamati. "Hana mdomo. Mtu hana mdomo atadanganya na nini?"

Walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu, na hilo nalo likahesabiwa kuwa unyenyekevu.

Inafaa nieleze jinsi nilivyokuwa napiga. Mwalimu wa kwaya alinifundisha kwa nukta. Ubavuni mwa shingo ya gitaa, upande wa juu unaomtazama mpigaji, kuna nukta ndogo nyeupe ambazo mwingine hazioni. Zinamwonyesha kidole kiende chumba gani, na chumba ni ile nafasi iliyo kati ya chuma na chuma. Mwalimu akisema, "Panda nukta ya tatu," nilipanda nukta ya tatu. Waliofundishwa pamoja nami waliacha kuzitazama baada ya muda, vidole vikawa vinajua njia. Vyangu havikujua, maana sikuvipa nafasi. Kuinua macho kulimaanisha kuwaona watu wakinitazama. Nukta zilikuwa mahali pa kufichia uso wangu.

Duka lilikuwa ghorofani, katikati ya jiji, juu ya maduka ya vitambaa. Muuzaji alikuwa mtu mzima mpole, ukucha wa dole gumba ameuacha ukarefuka kwa ajili ya nyuzi. Pembeni vijana wawili wa mjini, wenye nywele za kusokota, walikuwa wanajaribu magitaa huku wakizungumza, macho yao yakiwa kila mahali isipokuwa kwenye vidole vyao.

"Sasa, kijana. Unatafuta ya nyumbani ama ya kanisa?"

"Ya kanisa."

Nilimwonyesha pesa niliyokuwa nayo. Akashusha magitaa mawili, yote ya bei hiyo moja. La kwanza lilikuwa dogo, jembamba, halina doa. Alipolipiga lilitoa sauti kama ya kopo. La pili lilikuwa kubwa, la mbao nzuri ya rangi ya kahawia, na alipoligusa nilisikia sauti yake ikiingia kifuani.

"Mbona bei ni sawa?" nilimuuliza.

Alilipindua. Nyuma ya kichwa, pale nyuzi zinapokazwa, palikuwa na mhuri wa kuchomwa: namba mbili ndani ya duara. "Hii ni daraja la pili. Ilitoka kiwandani na kosa, wakaipiga mhuri ili mtu asiuziwe kama nzima. Haijavunjika. Ona." Akanionyesha ubavu wa shingo. Nukta ya tatu ilikuwa imechomekwa chumba kimoja mbele ya mahali pake. "Sauti haina shida yoyote. Ni nukta tu. Mtu anapiga bila kuangalia hatajua. Wewe bado unaangalia?"

Mmoja wa wale vijana wawili aligeuka kunitazama. Sidhani alikuwa na neno. Labda alitaka kupita tu.

"Hapana," nikasema.

"Una hakika? Kama unaangalia chukua hii ndogo, hakuna aibu. Utakuja kubadilisha ukikomaa."

"Siangalii."

Akanipa nijaribu. Nilipiga kodi tatu za chini, yaani nyuzi kadhaa zikilia pamoja, zile za karibu na kichwa, ambazo hata asiyejua gitaa huzijua baada ya wiki. Huko sikuhitaji nukta. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika risiti: gitaa moja, basi. Niliteremka ngazi nikiwa nimelikumbatia, nikijiambia kwamba ndani ya wiki mbili nitakuwa nimejifunza kupiga bila kuangalia. Mpaka leo nadhani kama ningeishia hapo, ningekuwa mjinga tu, si mwongo.

Lakini ule mhuri ulinikosesha raha. Kila nilipolipindua gitaa nilimsikia mchungaji. Kule Kileleshwa fundi wa rangi alikuwa ameacha vipande vya msasa stoo, chini ya ngazi. Nilijifungia humo saa ya chakula cha mchana nikasugua ile namba mpaka ikaisha. Vanishi nayo ikaisha pamoja nayo, pakabaki baka jeupe kama kidonda kilichopona vibaya. Nikachukua rangi ya viatu ya kahawia ya bawabu, nikapaka, nikang'arisha kwa soksi. Ukiwa mbali hukuweza kuona kitu.

Kwetu chombo kipya hakipigwi hivi hivi. Huletwa mbele siku ya Jumapili, wazee na viongozi hukishika mmoja baada ya mwingine wakikiombea, kisha mpigaji hupewa, na kanisa zima husimama kwa wimbo wa kwanza. Siku hiyo kina mama walivaa vitambaa vyeupe vya kichwani. Mama alilishika gitaa penye kichwa chake, pale pale nilipopaka rangi, akaomba kwa muda mrefu mpaka mikono ikatoka jasho. Kisha akanikabidhi.

Nilianza utangulizi wa wimbo. Mwanzo ulikuwa chini, nikaenda vizuri. Kisha ikafika pale pa kupanda nukta ya tatu. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimejiambia asubuhi yote, chumba kimoja nyuma, chumba kimoja nyuma. Lakini kanisa lilikuwa limesimama, nami niliinamisha uso nilivyozoea, jicho likaiona nukta nyeupe na kidole kikaifuata. Sauti iliyotoka ilifanya mtoto mmoja acheke. Nikaacha. Nikaanza tena. Nikafika pale, nikakosea vilevile. Mara ya tatu Mama aliimba tu, bila kunisubiri, kanisa likamfuata, nami nikasimama mbele yao nimelishika gitaa kama mtu aliyeombwa kushika mzigo wa mwenzake.

Baada ya ibada kamati ilinizunguka.

"Ni wewe ama ni chombo?" mzee wa kanisa aliuliza.

Kabla sijajibu Mama alikuwa anakitazama kiganja chake. Kilikuwa cha kahawia. Akalipindua gitaa, akapitisha kidole kwenye lile baka, akakinusa.

"Ngai! Hii si ni rangi ya viatu?" Akawanusisha wenzake. "Mmeona watu wa mjini? Wamepaka kitu mbovu rangi ya viatu wakauzia mtoto wa watu! Ulipewa hivi?"

Wote walinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa na kusema uongo, mpaka leo sioni tofauti.

Jumatatu Mama aliomba ruhusa kazini, tukaenda mjini. Alipanda zile ngazi gitaa likiwa begani kama panga. Duka lilikuwa na wateja wanne au watano.

"Wewe ndiye unauzia kanisa takataka?"

Muuzaji alinitazama kwanza, kisha akamtazama yeye. "Karibu, mama. Shida ni gani?"

"Shida ni wewe ni mwizi! Ona hii rangi."

"Mama, hapo kulikuwa na mhuri. Nilimwonyesha kijana wako. Nilimwelezea yote."

"Huyu? Huyu hata akikanyagwa na gari ataomba gari msamaha. Hajui kudanganya. Wewe ndiye unajua."

Wateja walicheka. Mmoja akarudisha kinanda cha mdomo alichokuwa anakitazama, akatoka. Muuzaji akainama kidogo mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Hakuwa na hasira.

"Kijana, sema tu. Nilikuambia ama sikukuambia?"

Nilitazama zile nyuzi zilizoning'inia ukutani nyuma yake. Nilizihesabu mpaka akachoka kunisubiri. Akajinyoosha, akachukua pakiti ya nyuzi mpya akaifunga kwa gazeti.

"Chukua hizi, mama, tuachane kwa amani. Watu wangu wananunua."

Tulipokuwa tunaelekea stendi, Mama alininunulia njugu. Alikuwa amefurahi. "Sikiza," aliniambia, "jifunze kujitetea. Mimi sitakuwa hapo kila siku. Mtu akikuonea, fungua mdomo." Akanimiminia njugu kiganjani, kile kiganja chake bado kina rangi ya kahawia kidogo kwenye mistari, haijatoka kwa sabuni. Nilizifumbata njugu.

"Mama," nikasema, "niliisugua mimi."

"Ati?"

"Alinionyesha mhuri. Nikausugua na msasa. Rangi nilipaka mimi."

Alisimama katikati ya njia. Watu walitugonga mabega wakipita, mwingine akatutukana. Nilingoja anipige kofi, na nadhani ningelishukuru.

"Na nikamwita mwizi," akasema polepole. "Mbele ya watu wake." Kisha akageuka. "Turudi."

Dukani alisimama pale pale alipokuwa amesimama. "Nilikuita mwizi kwa sauti," alimwambia muuzaji, "sasa naomba msamaha kwa sauti." Akaweka zile nyuzi mezani, akanisukuma mbele. Nilisema yangu. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba niliyasema nikiitazama meza.

Muuzaji alizichukua nyuzi, akazirudisha ukutani. "Ile siku nilikuuliza kama bado unaangalia, sikuwa nakudharau," alisema. "Nusu ya wale wananunua hapa wanaangalia." Akamwuliza Mama kama tungependa kubadilisha, tuchukue lile dogo. Mama aliligusa lile dogo uzi mmoja, akaligusa letu uzi mmoja, akatikisa kichwa kukataa.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikasema tena. Nikawekwa nyuma miezi mitatu, yaani benchi la mwisho kabisa, bila Meza ya Bwana na bila kugusa chombo. Mchungaji aliuliza kama gitaa lenye kasoro lirudishwe. Mama akainuka. "Pasta, mimi sina jino la mbele na bado naimba humu ndani." Kanisa lilicheka, gitaa likabaki.

Lakini hapakuwa na wa kulipiga. Alhamisi iliyofuata, ambayo ilikuwa siku yake ya mapumziko, Mama alikuja Kileleshwa na gitaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya ua wangu. "Umekatazwa kushika," alisema. "Hujakatazwa kufundisha. Nionyeshe ule wimbo mmoja." Alikuwa na vidole vizito vilivyoungua mara nyingi, na kila Alhamisi alikuja. Nilipojaribu kumweleza habari za nukta hakunisikiliza. "Mimi huko siangalii. Naangalia watu. Wakikunja uso najua nimekosea."

Aliupiga wimbo ule kanisani kabla ya miezi yangu kuisha. Aliupiga vibaya, akichelewa na kuruka, kichwa kikiwa juu, akicheka kila alipokosea. Nilimsikiliza kutoka benchi la nyuma. Hakuna aliyemcheka isipokuwa yeye mwenyewe.

Siku adhabu yangu ilipokwisha, alinipa gitaa bila hotuba. Nyuma ya kichwa rangi ya viatu ilikuwa imefutika, baka limebaki jeupe, hakuna aliyelipaka kitu tena. Nilianza utangulizi. Nilipokaribia nukta ya tatu niliinua macho kwa shida, kama mtu anayetoka gizani, na wa kwanza niliyemwona alikuwa mzee wa kanisa. Nikagusa. Akakunja uso. Nikarudisha kidole nyuma chumba kimoja.