Mfuko wa Sukari Kutoka Nyarugusu

Baba yangu alikuwa karani wa pamba, na karani wa pamba enzi zile alikunywa chai tamu. Alikulia kwenye ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde yanayopikwa kwa karanga. Alipopata kazi Shinyanga mjini aliviaga vyote viwili. Miaka ya sabini nyumbani kwetu asubuhi ilikuwa mkate na chai, mchana wali, jioni chai tena. Akienda vijijini kununua pamba, kila mji, yaani kila kaya, ulimpikia chai, na kumpa karani chai isiyokolea sukari kulikuwa kujitangazia ufukara. Alikunywa zote. Kitambi kilipoota, ndugu zake walimpongeza kwamba kazi imemkubali.

Alipostaafu tulirudi kijijini kwenye ng'ombe wake. Huko mama akaona sisimizi wanajaa kila baba alipokojoa. Hospitali wakasema ni kisukari. Daktari akaongeza kwamba sukari ikizidi mwilini miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu, hata ya kichwani, na kumbukumbu ya mtu inaweza kuanza kupotea mapema. Mama alishtuka, kwa sababu ilikuwa imeshaanza. Msukuma wa rika la baba anamjua ng'ombe kwa mama yake na bibi yake, lakini yeye alikuwa anawachanganya, kisha anakasirika na kumsingizia mchungaji.

Ndugu walisema ni mizimu. Mimi nilikuwa mwalimu na sikuwa na subira na mizimu. Nilisema hivyo mbele ya shangazi zangu, nikaambiwa nina mdomo mchafu.

Kilichotusaidia ni shida. Mwanzoni mwa miaka ya themanini sukari iliadimika madukani, na ya magendo hatukuiweza. Watu walilalamika, mama akashukuru kimyakimya. Tulirudia mtama, nsansa na maziwa mgando. Baba alinuna, baadaye akazoea, akapungua mwili, akaanza kwenda malishoni kwa miguu. Jioni moja, ng'ombe wakiingia zizini, alimwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyomwita tangu ujana wao, akamwonyesha mtamba mwekundu.

"Bibi yake huyu alitoka kwenye mahari ya dada yangu," alisema.

Ilikuwa kweli. Mama aliingia jikoni akalia kwa furaha, nami nikalia naye.

Kisha akaja kaka yangu mkubwa. Alikuwa anachimba dhahabu Nyarugusu, na safari hiyo mwamba ulikuwa umemtolea. Aliteremka kwenye lori na mfuko mzima wa sukari, akautua miguuni mwa baba.

"Shikamoo baba. Nimekuletea chai yako."

Mama alimweleza maneno ya daktari. Kaka alimsikiliza kwa heshima zote.

"Mama, watu watasema nini? Nimepata dhahabu, na baba yangu anakunywa uji wa chumvi?"

Zawadi aliyopewa mwenye mji haifungiwi na mke wake, na kaka alijua hivyo. Majirani wakaja kumsalimu karani, chai ikapikwa kutwa, baba akachangamka kama zamani. Nilimgombeza kaka mpaka akaondoka bila kuniaga. Nilimpenda, lakini nilitamani angekosa dhahabu mwaka ule.

Mfuko ulikuwa haujaisha baba alipomuuliza mama, wamesimama mlangoni pa zizi, "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wako."

Alicheka kwa adabu, kama mgeni anayetaniwa. "Asante, mayu," akasema. Ndivyo tunavyomwita mwanamke yeyote wa heshima, hata tusiyemjua. "Mwambie mwenye mji chai yake ilikuwa tamu. Sasa naomba ruhusa. Mke wangu ananisubiri nyumbani."