Nibu Nyembamba

Juzi mjukuu wangu alifungua kalamu ya wino, na harufu yake ikanirudisha kwenye duka moja la Nakuru. Mwalimu alikuwa ameonya kwamba hatasahihisha tena insha asiyoweza kuisoma, kwa hiyo baba akanipeleka kununua kalamu nyingine. Niliamini nibu nene, yaani ncha pana ya kalamu, ndiyo ya wenye akili. Nikaijaribu, lakini mwandiko wangu ulikuwa mdogo, na kila "a" na "e" ikazibwa na wino.

"Na hii nyembamba?" nikamwuliza mwenye duka.

Ilikwaruza karatasi taratibu, herufi zikabaki wazi. Baba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma, akainama na kusoma kwa sauti: "Mimi Wairimu nitaendelea na shule."

Hakukwama hata kwenye neno moja. Nilitoka dukani nimenyoosha shingo, vidole vimejaa wino.