Mlango Uliofunguka Darajani Lumemo

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, tumalize. Mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Nimelima Namawala, nimelala dunguni peke yangu nikilinda mpunga, na nguruwe pori wakikoroma chini yangu. Haya ninayosema sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, na akili zangu timamu, ndani ya kigari changu, na jua lilikuwa halijazama.

Kigari chenyewe ni hizi ndogo kuukuu tunazoziita bebi-woka. Changu ni cheupe, na nakipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kikichemsha najua ni rejeta. Kikigonga mbele kwenye mashimo najua ni bushi au shokapu, na hakuna wa kunidanganya bei. Muulizeni Ponsiano, fundi wangu pale mjini. Akitaja laki, mimi naanza kwa kucheka.

Sasa, siku moja kundi la ng'ombe lilinibana barabarani, dume moja likaubonyeza mlango wa abiria ukawa haufai tena. Bei ya mlango mpya ilikuwa ya kunitoa roho. Ponsiano akanitafutia wa mtumba, wa bluu, kutoka kwenye gari lililouzwa kama chuma chakavu. Nikapunguziwa, nikashangilia. Je, niliuliza gari hilo lilipatwa na nini? Sikuuliza. Wewe huwa unauliza?

Mlango ukatulia mji mzima, ila tukifika daraja la Lumemo unafunguka wenyewe. Tukabadilisha kitasa. Tukabadilisha bawaba. Ule unafuu wote ukaishia gerejini, na Ponsiano anasema ni mtikisiko. Mtikisiko gani huo unaochagua daraja moja?

Lakini kilichoninyima raha si pesa. Kiti kile ndicho anachokalia mama yangu nikimleta kliniki kutoka Namawala, na mama ni mzee, hana nguvu za kujishikilia. Safari moja mlango ulifunguka darajani, akaning'inia kwenye mkanda, kitambaa chake cha kichwani kikapeperukia mtoni. Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani, mlango ule ufungike.

Alasiri moja ya mvua nilikuwa narudi mjini peke yangu. Darajani, mlango ukafunguka kama kawaida yake. Nikavuka, nikaegesha pembeni, maana na injini nayo ilikuwa imechemsha. Nilipoona imepoa nikainama kwenye boneti kuongeza maji, huku nikiutukana mlango kwa Kipogoro, kwa sababu Kiswahili hakitoshi kwa kazi hiyo. Nikasikia sauti ya kike upande wa abiria, taratibu kabisa.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu.

Hapo ndipo nilipojiingiza. Nani hupiga hodi kwenye gari? Ila ndivyo tulivyolelewa huku kwetu, hodi ikisikika mdomo unajibu kabla kichwa hakijafikiri. Nikafunga boneti, nikamkuta ameshakaa. Msichana wa makamo ya binti yangu, kitenge kikavu, nywele kavu, na mvua ile! Hata shikamoo hakunipa.

"Nipeleke nyumbani, mama. Lipangalala."

Ungemshusha? Nimeshamkaribisha kwa kinywa changu, nitamfukuzaje mgeni? Nikakaa kwenye usukani, nikamwonya kwamba mlango huo haufungiki.

"Unauinua kidogo kwanza," alisema. Akauinua, akauvuta, ukafungika mara moja. Mlango uliomshinda fundi!

Tulikwenda. Alinielekeza kona tu, kushoto, kulia, basi. Mimi nilitazama mbele, nikasali sala zote nilizofundishwa, na nyingine nikazitunga njiani. Tukafika kwenye nyumba yenye baraza la simenti na banda la kuku. Mlango ukalia kama wa zamani, ingawa bawaba zake ni mpya, ukafunguka. Nikageuka. Kiti kitupu, hakina hata unyevu.

Nyumbani mle akatoka bibi mmoja, pekupeku, akaja mbio kwenye mvua. Shikamoo yangu hakuisikia. Aliushika ule mlango kwa mikono miwili, akauinua kidogo, akaufunga.

"Nimeusikia mlio wake," akasema. "Ni mlango wa gari la Editha. Mwanangu, umeutoa wapi?"

Tulikaa barazani akanieleza. Editha alikuwa binti yake, mjane aliyerudi kuishi naye. Alikuwa anarudi nyumbani kwa mvua kama ile, gari likatumbukia Lumemo, naye hakutoka. Bibi akiwa bado kwenye matanga, wakwe wa Editha wakaliuza gari kwa vipande, wala hawakumwambia. Mlango wa dereva ulikuwa umekwama, Editha alikuwa anashukia huo wa abiria. Kila jioni, alisema, ulipolia alikuwa anajua mwanawe amefika, anaweka chai jikoni. Na Editha alikuwa na adabu zake, hata kwao alikuwa anapiga hodi kwanza.

Kesho yake nilimwamuru Ponsiano aung'oe. Akacheka, nikamtazama, akaacha. Niliupeleka Lipangalala mwenyewe, nikaendesha nikiwa nimeziba kwa gunia la mpunga palipokuwa na mlango. Kisha nikalipa ule mpya, bei ile ile ya kunitoa roho, na kwa mara ya kwanza sikucheka wala kuomba nipunguziwe. Mama yangu anavuka Lumemo sasa amesinzia.

Mimi siku hizi nikisikia hodi nauliza kwanza ni nani. Majirani wananiona nina kiburi, na waendelee kuniona hivyo. Nawe unayetafuta spea ya mtumba, usiulize bei tu. Uliza ilitoka kwa nani, na kama mwenyewe alifika kwake.

Bibi huwa nampitia kumsalimia. Mlango wa bluu ameuegemeza ukutani barazani, karibu na kiti chake, na ameufuta mpaka unang'aa. Nilimuuliza mara moja kama haogopi. Alinicheka.

"Niogope nini? Jioni nikisikia hodi mimi siulizi ni nani," akasema. "Nasema karibu, mwanangu, chai ipo."