Mwenye Ndege Mahakamani

Mwenye ndege hapiti mlango bila kujaribu kitasa. Hata hapa mahakamani, ninapofanya kazi ya ukarani, huuvuta mlango nyuma yake, huusukuma, kisha huuvuta tena. Vidole vyake ni vinene, sauti yake ndogo kuliko mwili. Ndege yake iliibwa, ikapita chini chini juu ya soko watu wakitawanyika, ikaangukia banda la mama mmoja fundi cherehani na kumvunja nyonga. Mwizi aliyeirusha alikufa papo hapo, kwa hiyo mama akamshtaki mwenye mali. Utetezi wa wakili ulikuwa mwepesi: mteja wangu naye kaibiwa, kosa lake nini?

“Ndege uliifunga?” aliuliza hakimu.

Wakili alimkazia macho mteja wake. Mteja alikuwa akimtazama fundi, aliyekaa upande upande juu ya mto.

“Sikuifunga, mheshimiwa. Ufunguo niliuacha ndani. Njaa ilikuwa inaniuma, nikasema nakula mara moja narudi.”

Hukumu ilimwangukia yeye. Watu walipokuwa wakitoka, fundi alimwita kwa sauti ya kawaida.

“Baba, nishike mkono. Hizi ngazi zinanishinda.”

Akarudi, akamshika.