Theluji Katika Pamba ya Baba

Sisi ambao utotoni tulianika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kufika taarifa ya habari ya jioni, tuliijua theluji mapema kuliko watoto wa leo wanavyodhani. Hatukuwahi kuiona kwa macho. Lakini tulikuwa nayo chumba kizima, kutoka sakafuni hadi karibu na bati, na tulilala juu yake.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu Limi, mwenye miaka mitano, amekuja kwangu Bariadi likizo hii ya Desemba na kazi za shule za kufanyia nyumbani, na zote zinahusu theluji. Zilifika kwenye simu kupitia kundi la wazazi. Kata karatasi upate chembe ya theluji yenye ncha sita. Weka barafu kwenye beseni, mtoto aangalie inavyoyeyuka. Tengeneza mtu wa theluji kwa pamba na gundi, piga picha, tuma. Juu kulikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu mekundu, amefungwa skafu hadi puani. Mimi nilikuwa nimefungua madirisha yote, na upande wa pili wa barabara watu walikuwa wanapanda pamba huku migongo yao inang'aa kwa jasho.

"Mama, lakini utaweza?" binti yangu aliniuliza kutoka Mwanza.

Nikamkumbusha kwamba nina shahada ya chuo kikuu. Nilikata karatasi kwa muda wa saa nzima, nikapata kitu chenye ncha nne. Limi alikigeuza huku na huku, akasema, "Bibi, hii ni meza." Barafu niliinunua kwa jirani, na Limi akaila yote kabla haijaanza kuyeyuka. Kwenye fomu iliyokuja na kazi hizo nikaandika: imeyeyuka.

Wakati wetu hapakuwa na fomu. Nilikulia nje kidogo ya Mwandoya, na baridi yetu ilikuwa kipupwe. Mwezi wa sita na wa saba upepo ulivuma mkavu tangu asubuhi, midomo ikapasuka, miguu ikapauka kama tumekanyaga unga. Tuliota moto wa samadi kabla ya kwenda shule, mifukoni tumejaza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa hadi vikawa vigumu kama vibao. Mchembe mmoja ulikufikisha shule ukiwa bado unautafuna. Watoto wa siku hizi wakipewa biskuti iliyovunjika wanauliza nani kaivunja.

Na kipupwe ndicho kilichokuwa majira ya pamba. Tuliichuma kwa mikono, tukaitenga safi mbali na fifi, ile iliyotiwa madoa na wadudu, kisha tukaimwaga katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha kusubiri siku ya mizani, ya kupimiwa na kuuza. Chumba kile kilinuka vumbi na mbegu, na kilikuwa na joto kuliko blanketi lolote la nyumba ile. Mimi na mdogo wangu Kabula tulilala humo na kuamka na nyuzi nyeupe kwenye nywele, tunafanana na vikongwe viwili.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, mwalimu alipotundika picha ya Mlima Kilimanjaro. Akatufundisha, nasi tukaimba pamoja naye, kwamba theluji ni maji yaliyoganda, huanguka kutoka angani kama pamba, na ikipata joto hurudi kuwa maji. Mimi nilisikia neno pamba tu. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba somo hili nitalifundisha vizuri kuliko yeye, kwa sababu vifaa ninavyo.

Jioni ile baba na mama walikuwa bado shambani. Nikamketisha Kabula kwenye kigoda. Alikuwa na miaka mitano, naye peke yake ndiye aliyekuwa darasa langu lote, mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho. Nikarusha pamba juu ikaanguka. Nikamwambia hii ni theluji. Akapiga makofi. Nikarusha tena. Kisha akauliza swali ambalo mwalimu wangu hakuwahi kuulizwa.

"Mwalimu, mbona haiyeyuki?"

Ningeweza kumwambia kwamba hii ni pamba, mdogo wangu, tunacheza tu. Lakini nilikuwa mwalimu tangu muda mfupi uliopita na cheo kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikaenda kwenye mtungi, nikachota maji, nikayamwaga juu ya pamba. "Haya, imeyeyuka," nikasema.

Hapo tukagundua jambo. Pamba kavu haishikani, lakini iliyolowa unaweza kuifinyanga. Tukafinyanga mabonge. Tukajifunza nayo kuhesabu: moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja, kwa sababu Kabula alipofika kumi alikataa kuacha. Tukayapanga juu ya kigoda yakawa Kilimanjaro, na kileleni Kabula akachomeka kipande cha mkaa, akasema ni mtu anayeishi kule. Nimehudhuria semina nyingi za elimu tangu wakati huo. Sijaona somo lililokwenda vizuri kama lile.

Tuliposikia sauti ya mama inakuja, Kilimanjaro ilibomolewa haraka. Mabonge yote tuliyasukumiza ndani ya lundo la pamba, chini kabisa, tukatoka nje na nyuso za watoto wema.

Asubuhi baba akafunga mafurushi.

Kwa wasomaji waliokulia mjini, nieleze. Kulikuwa na watu waliotia maji kwenye pamba, au mchanga, ili mizani isome zaidi. Pamba iliyotiwa maji huoza na kuharibu ya wenzako mkiichanganya. Aliyekamatwa alirudishwa na mzigo wake mbele ya foleni nzima, na jina lake liliandikwa kwa chaki kwenye ubao uliokuwa mlangoni mwa ghala. Likikaa pale, lilikaa msimu mzima. Wageni walilisoma. Watoto waliokuwa wanajifunza kusoma walijifunzia hilo. Baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati ya chama cha msingi cha wakulima, cheo alichopewa kwa sababu moja tu: pamba yake haikuwahi kurudishwa. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye mkutano kumsema jirani yetu, Mzee Luhende, aliyekamatwa na mchanga.

Nilipanda mkokoteni wa ng'ombe pamoja na baba, nimekaa juu ya mafurushi, natafuna michembe, sina wasiwasi wowote. Nilikuwa nimesahau. Watoto husahau kwa ukamilifu ambao siku hizi ninautamani.

Karani wa mizani alikuwa mtu mwembamba aliyekunja shati mkono mmoja tu, wa kulia, ule wa kukagulia. Aliuingiza kwenye furushi la kwanza, akautoa. La pili, akautoa. La tatu mkono ukabaki ndani.

"Mjumbe," akasema polepole. "Njoo ushike hapa."

Baba akashika bonge lililolowa. Alipoutoa mkono wake aliutazama kama si wake.

Kisha Mzee Luhende, aliyekuwa wa tatu nyuma yetu, akasema kwa sauti ya kutosha kufika hadi mwisho wa mstari, "Mwaka jana mimi mchanga, mwaka huu mjumbe maji. Mwakani tukiungana tutafyatua matofali."

Watu wakacheka. Karani hakucheka, nadhani alimheshimu baba. Akajaribu kumfungulia mlango wa kutokea. "Nyumba ina watu wengi, mjumbe. Labda mama huko nyumbani alimwaga kitu kwa bahati mbaya."

"Pamba iliyotoka nyumbani kwangu ni yangu," baba akasema.

Karani akachukua chaki.

Ningependa kuandika kwamba niliruka chini hapo hapo. Sikuruka. Nilimaliza kwanza michembe iliyokuwa mdomoni, na haikuwa ikiisha. Chaki ilipogusa ubao ndipo niliposikia sauti yangu.

"Shikamoo. Ni theluji."

Karani akageuka. "Ni nini?"

"Theluji. Ni maji yaliyoganda, huanguka kutoka angani kama pamba, na ikipata joto hurudi kuwa maji. Sasa yetu haikurudi. Ikabidi tuisaidie."

Kicheko kilichofuata kiliwashtua ng'ombe. Lakini Mzee Luhende alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mnamwona? Hata mtoto keshafundishwa la kusema. Kasomeshwa vizuri kweli."

Nikaelewa kwamba nimezidisha ubaya. Sasa baba hakuwa mtia maji tu, alikuwa mtia maji anayewafundisha wanawe uongo. Akaja karibu na mkokoteni, akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Aliniuliza kama mtu anayemuuliza mtu mzima mwenzake.

"Ziko ngapi, mayo?" Mayo ni mama kwa Kisukuma, na baba zetu waliwaita hivyo binti zao walipotaka wasikilizwe.

"Kumi na moja."

"Una hakika?"

"Tulizihesabu. Kabula alikataa kuishia kumi."

Akamgeukia karani. "Mtoto anasema ni kumi na moja. Tumwage yote. Ikipatikana ya kumi na mbili, au pamba nyingine yoyote iliyolowa, andika jina langu kwa herufi kubwa."

Tukamwaga yote. Mafurushi sita, juu ya maturubai, katikati ya uwanja wa ghala, mchana kweupe. Baba alipiga magoti upande mmoja na mimi upande wa pili, tukaichambua konzi kwa konzi huku foleni inatupita, na kila aliyepimiwa badala ya kwenda zake alibaki kutazama. Kila bonge lilipopatikana watu walihesabu pamoja nasi. Kufikia saa nane tulikuwa na kumi. Tukarudia upya. Kumi. Baba hakuniuliza tena kama nina hakika, na hilo lilinitisha kuliko kama angeuliza. Wengine walianza kuinama na kusaidia. Mwisho akaja Mzee Luhende mwenyewe, akakunja suruali, akachuchumaa. Alisema anataka kuona huyu mtoto anaishia wapi.

Ni yeye aliyelipata. Lilikuwa limejibana kwenye mshono wa furushi, bonge dogo linaloenea kiganjani, na katikati yake kipande cha mkaa. Akaligeuza. Alama za vidole vya Kabula zilionekana wazi, vidogo kama punje za mahindi.

"Huyu mwenye mkaa ni nani?" akaniuliza.

"Ni mtu anayeishi kule juu mlimani."

Mzee Luhende akalitazama tena. Kisha akamwita karani, akampa mkononi, akasema, "Kumi na moja. Mpimie Mzee Theluji, watu tuna safari."

Ubao haukuandikwa. Lakini jina lile halikumtoka baba tena hadi tulipomzika. Msibani msomaji wa wasifu alisoma majina yake kamili ya ubatizo na watu wakatazamana, hadi mmoja akasema ni Mzee Theluji, ndipo wakaanza kulia vizuri.

Siku ile tulirudi na mkokoteni mtupu. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Huko Kilimanjaro wanalima nini?"

"Kahawa, baba."

Akafikiri kidogo. "Basi ndiyo maana wao wanaweza kukaa na theluji."

Hakunichapa. Mama alichapa kwa niaba ya wote wawili.

Nimeyakumbuka yote hayo wiki hii, nikiwa kwenye duka la dawa hapa Bariadi, mji ambao malori ya pamba huziba barabara zake msimu mzima, ninanunua pamba ya pakiti ndogo iliyotoka ng'ambo. Kijana wa duka aliniuliza kwa huruma jeraha liko wapi. Nikairudisha kaunta. Nyumbani nilikuwa na mto wa baba, umeshonwa kwa pamba ya shamba lake, nikaufumua ubavuni, nikampa Limi konzi mbili za mtu wa theluji, nikaingia jikoni kutafuta gundi.

Niliporudi Limi alikuwa amekaa kwenye kochi, ametulia. Mtoto wa miaka mitano hatulii bure. Kikombe chake cha maji kilikuwa kitupu, konzi mbili nilizompa hazikuonekana, na mto ulikuwa umelowa ubavuni, pale nilipofumua.

"Bibi," akasema, "haikuwa inayeyuka."

Nikachuchumaa mbele yake. "Ziko ngapi, mayo?"

Akatazama vidole vyake. "Nne."

"Haya. Tumwage yote."

Tukatandika mkeka uani, tukamwaga mto mzima juani. Pamba ilikuwa imegeuka rangi kama maziwa yaliyochemka sana. Tuliichambua wawili tu. Enzi zetu uwanja mzima ungehesabu na sisi, na mbaya wetu angekuwa wa kwanza kukunja suruali. Siku hizi nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la wazazi, yakaja madole gumba mengi, na mwalimu akaandika kwa upole kwamba safari nyingine tutumie pamba nyeupe. Hakuna aliyeuliza ziko ngapi.

Tulipata tano.

"Ya tano si yangu," Limi akasema, na akanitazama kuona nitafanya nini.

Baba yangu aliliweka jina lake rehani kwa kuamini hesabu ya mtoto. Nikalichukua lile bonge la tano, nikalianika pembeni, mbali kidogo na yale manne, nikamwambia ni kweli, hilo si lako.