Wingu Langu na Wifi Yangu

Wifi yangu aliponitumia ile picha nilikuwa ofisini Al Khuwair, kikombe cha chai mkononi. Niliitazama, nikakiweka kikombe mezani, nikaitazama tena. Roho iliniuma mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa picha ya wingu langu. Nasema langu, ingawa haliwezi kuwa la mtu: ni nebula, yaani gesi na vumbi vilivyotawanyika kati ya nyota, hafifu mno, kwenye pembe ya kundi la nyota tunaloliita Thauri. Halina jina, lina namba tu. Kwa macho huoni kitu, na kwa darubini vilevile huoni kitu. Kamera peke yake ndiyo inayoliona, nayo mpaka uielekeze mahali pamoja kwa saa nyingi, picha baada ya picha, kisha uzilaze zote moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Ndipo kitu huanza kujitokeza taratibu, kama doa la chai kwenye kitambaa kilichofuliwa ovyo. Wenzangu wa kikundi cha wapiga picha wa anga hapa Maskati hupenda mawingu yenye sifa, yale yanayong'aa, ambayo kila mtu ameshayapiga. Mimi napenda yale yasiyotakiwa na yeyote, kwa sababu hakuna wa kuninyang'anya. Ndivyo nilivyodhani.

Nilikuwa nimelifuatilia msimu mzima wa baridi kutoka juu ya paa letu, Azaiba. Azaiba si mahali pa kupigia nebula. Upande mmoja kuna barabara kuu na maduka yasiyozima taa, upande wa pili bahari na umande wake unaolowesha kila kitu. Nilijinyima nikanunua kichujio kinachozuia mwanga wote isipokuwa ule mwekundu wa haidrojeni, na kwa kichujio hicho nikapata nyuzi nyekundu, nyembamba, zinazopishana. Nyekundu tu. Buluu yake na vumbi lake la kahawia vilimezwa na taa za mji. Hata hivyo nilikuwa nimevimba kichwa. Nilingoja nimalize, niibandike picha kwenye kikundi, na pembeni liwepo jina langu, peke yake.

Sasa huyu wifi. Ni mdogo wake mume wangu, na alijualo kuhusu anga nimemfundisha mimi. Alianza hajui hata kuifunga kamera kwenye darubini. Kisha mumewe akahamishiwa kazi bara ya Omani, nyuma ya milima, nasi tukamlilia, maskini, anakwenda kukaa na mbuzi. Maskini gani! Kule usiku ni giza tupu. Kwa siku chache tu, akiwa uani kwake na darubini ndogo kuliko yangu, alipata buluu yote, vumbi lote, na nyota zenye rangi zake halisi. Chini ya picha aliandika: "Mwalimu, wingu lako nimelipata na mimi! Kasoro nyekundu tu, sina kichujio kama chako. Nipe picha zako nizichanganye na zangu, tutoe moja ya maana."

Nikamjibu, "Mashaallah." Kisha nikaandika kwamba diski yangu ya picha inasumbua kidogo, nitamtazamia. Diski ilikuwa nzima, kwenye droo.

Nimewahi kuona wivu wa nyumba, wa nguo, wa watoto wa watu kufaulu mitihani. Huu ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu sikuwa na wa kumwambia. Utamwambia nani kwamba umeibiwa wingu? Mume wangu nilimwonyesha picha mbili, yangu na ya dada yake, bila kusema ipi ya nani. Akaonyesha ya dada yake, akasema, "Hii imetulia." Siku ile alijipakulia chakula mwenyewe.

Haikupita muda, wifi akapiga simu wakati wa chakula cha mchana. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, tunakaa naye, na simu zake zote huziweka kwenye spika. Wifi alikuwa karibu kulia. Mota inayoizungusha darubini ili ifuate nyota ilikuwa imegoma, na baridi ilikuwa inakwisha. Bado kidogo tu, Thauri ingezama pamoja na jua na wingu lisingeonekana mpaka mwaka mwingine. "Pole wifi yangu, pole sana," nikasema. Nikaenda kuosha vyombo, na huko jikoni nikajikuta naimba.

Mama mkwe akanifuata, akakaa kwenye kiti, akaniacha mpaka nilipomaliza.

"Leo una furaha, mwanangu."

"Alhamdulillah, Mama."

"Chombo cha mwanangu kimepigwa jicho," akasema. "Mie nnajua. Ijumaa n'peleke nikafukize."

Ijumaa baada ya sala nikaendesha gari, yeye pembeni yangu na chetezo chake mapajani na ubani umefungwa kwenye leso. Diski niliichukua. Niliitia mkobani nikijiambia kwamba kuichukua si kuitoa.

Wifi alitupokea mlangoni anacheka. Mota imepona! Lilikuwa vumbi tu kwenye meno ya gia, amelisafisha kwa mswaki. Furaha yangu ya wiki nzima ikaishia pale pale kizingitini. Darubini alikuwa ameiingiza sebuleni kwa ajili ya matengenezo, imesimama juu ya zulia, lenzi wazi, na karibu yake kompyuta yenye kioo kikubwa, na kwenye kioo lile wingu.

Nilipoiona kwenye simu nilijifariji kwamba tofauti si kubwa hivyo. Sasa sikuwa na la kujifariji. Buluu ilizunguka ukingoni hasa pale ambapo mimi nilikuwa na weusi mtupu, weusi nilioukodolea macho msimu mzima. Niliona hasira, kama mtu amefungua kabati langu na kukuta humo nguo nisizozijua mwenyewe.

"Zuri, eh?" wifi akasema, akaenda jikoni kututengenezea kahawa.

Mama akawasha kipande cha mkaa, ule unaoshika moto upesi, akatia ubani, akaanza kusogea kwenye darubini huku midomo inasoma. Mtu yeyote mwenye lenzi anajua kwamba moshi wa ubani una mafuta. Ukitua kwenye kioo unaacha utando, na kuutoa utando ule bila kukikwaruza kioo ni kazi ya fundi hasa. Mpaka fundi apatikane, Thauri imekwenda zake. Nami sikutakiwa kufanya chochote. Nilitakiwa kukaa tu kwenye mto nimwache mama amwombee mwanawe dua.

Nilikaa. Moshi ukaanza kujipinda kuelekea kwenye lenzi. Nikaendelea kukaa, kidogo kupita inavyostahili, kisha nikainuka kwa hasira, nikanyakua kifuniko juu ya meza, nikaifunga lenzi nikakandamiza kwa kiganja. Si wema ulioniinua. Nilishindwa tu kuangalia lenzi safi ikiharibiwa, hata kama ni yake.

"Mama, moshi unaharibu kioo."

"Basi vyema umeziba," akasema. Wala hakuifukiza ile darubini. Aligeuka, akakiweka chetezo chini, mbele ya miguu yangu. "Njoo weye sasa. Simama hapa juu, tanua abaya lako."

"Mimi? Mimi nna nini, Mama?"

"Nani alokuwa akiimba?"

Nikasimama juu ya chetezo kama nilivyoambiwa. Wifi akarudi na sinia la kahawa na halwa, akashangaa. "Mama, mbona wamfukiza yeye? Si chombo changu kilichoharibika?"

"Mimina kahawa," mama akamwambia.

Moshi ukanipanda mpaka kifuani, macho yakanitoka machozi, na kupitia machozi bado niliiona ile buluu, na bado niliitaka iwe yangu. Nikatia mkono mkobani, nikatoa diski, nikamnyooshea wifi bila kumtazama.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona."

Akaichomeka. Kahawa ilipoa kompyuta ikifanya kazi, kisha nyuzi zangu nyekundu zikatokea juu ya buluu yake, na kila uzi ulikuwa unaishia ukingoni, hasa pale ilipoanzia buluu. Sijawahi kuona picha ya wingu lile iliyoikaribia. Mama akauliza kama ndiyo imekwisha, maana yeye anaona moshi tu.

Wifi akaweka vidole kwenye herufi, chini pembeni mwa picha. "Haya, Mwalimu. Nianze na jina la..."

"Langu," nikasema, hajamaliza.

Mama hakuinua hata kichwa. Alifungua leso, akatia ubani mwingine kwenye chetezo.